Anayetuuzia mfumo wa maji atuachie na anuani ya broka

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama nimekuzidi mimi basi mambo vipi. Mi ni fundi simu na kompyuta huku Tengeru, Arusha, kibanda changu kiko njiani unapoelekea sokoni, na gazeti lenu nalisoma karibu kila siku kwa sababu jirani yangu muuza maandazi analitumia kufungia, kwaiyo nasoma haraka kabla hajalichana. Nimeandika kwa ajili ya zile kurasa zenu za kilimo mnazosema mkulima wa kisasa anamwagilia kwa simu akiwa amekaa zake kwenye kochi. Anaweza, sibishi, nimeona kwa macho. Ila kuna kitu hamkigusi kabisa na ndo kinatumaliza, kwamba siku mfumo ukigoma huyo mkulima hana hata njia moja ya kujua umegomea wapi, anabaki kumpigia aliyemuuzia na aliyemuuzia hapokei.

Mama yangu mdogo yuko kwenye kikundi cha akina mama saba, wanalima nyanya, hoho na chainizi kwenye shamba walilokodi. Maji ni ya mfereji, kwa zamu, yakija wanajaza tenki la lita 5,000 afu wanayafungulia taratibu kwenye mipira ya matone. Kampuni moja ya mjini, jina nalihifadhi, iliwauzia boksi. Humo ndani kuna Raspberry Pi, yaani kompyuta ndogo, rauta ya kutoa waifai na betri ya sola, na kule kwenye tenki kuna kibao kidogo cha elektroniki kinaitwa ESP32 kinachokula umeme wa nyumbani kwa mwenyekiti, chenyewe kinapima maji yamefika wapi na kinafungua koki ya umeme. Mwenyekiti anakaa pembeni ya shamba, simu yake inashika waifai ya hilo boksi, ana app yenye kitufe cha kijani, akibonyeza koki inafunguka. Wiki tatu mambo yakawa matamu, wakapiga na picha.

Siku moja app ikajiapdeti yenyewe usiku, asubuhi kitufe kinabonyezwa, kinageuka rangi kama kawaida, koki kimya. Wakapiga simu mjini. Jibu la kwanza wakaambiwa mtandao unasumbua waongeze bando, wakaongeza, mara mbili. Jibu la pili lilikuja baada ya wiki, boksi limekufa, leteni laki nane mpewe jipya. Laki nane bana! Wamama wanabeba nyanya kwa plastiki mpaka sokoni wanabishania mia tano na mnunuzi, unawaambia laki nane kama unaomba chumvi.

Mama mdogo ndo akanikumbuka. Akaniambia mwanangu we si unashinda na hayo madude, hebu njoo uangalie kama kweli limekufa au tunafanywa wajinga. Nikaenda Jumapili baada ya kanisa na laptopu yangu ya zamani.

Sasa Mhariri kabla sijaendelea nieleze hiyo broka ya kwenye kichwa cha barua ni kitu gani, maana nikiwaeleza akina mama walielewa kwa dakika mbili, na sababu ni kwamba wote ni watu wa soko. Tengeru soko kubwa ni Jumatano na Jumamosi. Mkulima akishusha mzigo hamtafuti mnunuzi mmoja mmoja, anamkabidhi dalali, anamwambia hizi ni hoho, yule dalali anajua nani na nani wanasubiri hoho leo, anawapelekea. Mkulima hamjui mnunuzi, mnunuzi hamjui mkulima, wote wanamjua dalali. Broka ya meseji ni dalali wa hivyo hivyo ila yenyewe haili cha juu. Simu inampelekea neno "fungua" ikiwa imeandikwa juu yake ni ya topiki gani, yaani inahusu kitu gani, na kila kifaa kilichojiandikisha kwenye hiyo topiki kinaipata. Kama hamna aliyejiandikisha, broka inaitupa hiyo meseji na kwa kawaida haikwambii kitu. Hapo ndo pana utata wote, kwa sababu simu ya mwenyekiti ilikuwa inapewa risiti kwamba meseji imepokelewa na dalali, ndo mana kitufe kilikuwa kinageuka rangi. Dalali kupokea mzigo sio mnunuzi kupokea mzigo, hilo yeyote aliyewahi kuuza nyanya anajua.

Broka iliyomo kwenye lile boksi inaitwa Mosquitto. Mama mdogo aliposikia maana yake ni mbu akauliza kwani mmetuwekea mbu kwenye tenki, na toka siku hiyo kikundi kizima kinaita "mbu". Na kumbe basi iko humo humo ndani ya boksi, simu na koki zinaongea kupitia waifai ya shambani, intaneti haiguswi. Yaani lile bando waliloambiwa waongeze halikuwa linahusika hata kidogo. Mi hapo ndo nilianza kupandwa na hasira.

Kwenye mfuniko wa boksi kwa ndani kulikuwa na kikaratasi kimebandikwa, anuani, jina na nywila, nadhani fundi wao alikisahau. Bila hicho kikaratasi leo nisingekuwa na cha kuandika. Nikafungua ile skrini nyeusi ya kuandikia komandi, ambayo watu wakiiona wanafikiri unaiba benki, nikaandika hivi, jina na nywila nimevitoa:

mosquitto_sub -h 192.168.1.10 -v -t 'shamba/#'

Maana yake, we mbu nisikilizishe kila kinachopita kwenye topiki zote zinazoanza na shamba. Hiyo alama ya # ndo inasema "zote". Tukakaa. Baada ya kama nusu dakika ikaandika shamba/tenki1 62, yaani tenki limejaa asilimia sitini na mbili. Nikawaambia mnaona, kibao kiko hai, boksi liko hai, mbu yuko hai, hao waliosema limekufa wamezika mtu anayekohoa. Wakacheka. Nikamwambia mwenyekiti mama naomba bonyeza kitufe. Akabonyeza, kwenye skrini ikatokea shamba/Koki1 fungua. Koki kimya.

Niliikodolea macho ile mistari miwili kama dakika nzima. Tenki1 herufi ndogo. Koki1 herufi kubwa. Na kwenye hizi broka k ndogo na K kubwa ni topiki mbili tofauti kabisa, kama vile Usa River na Usangi, ukipanda gari ya moja hufiki nyingine. Nikajaribu kutuma kwa mkono, kwa k ndogo:

mosquitto_pub -h 192.168.1.10 -t shamba/koki1 -m fungua

Nikagonga enta. Skrini haikusema kitu, hii komandi ikifanikiwa huwa inanyamaza tu inarudi pale pale. Ila kule kwenye tenki tukasikia ta! afu shiiii kwenye mipira. Mama mdogo akaruka. Mwenyekiti yeye alikaa chini kabisa kwenye ndoo iliyogeuzwa akasema, kumbe laki nane ilikuwa herufi.

Ndo hivyo, aliyetengeneza app mpya aliandika K kubwa na kibao kilikuwa kinasikiliza k ndogo. Kosa la dakika moja, na mtu yeyote mwenye hiyo komandi angelijua siku ya kwanza. App siwezi kuibadilisha, sio yangu, kwaiyo nikafanya ujanja wa kienyeji, nikachukua simu yangu ya zamani iliyopasuka kioo nikaweka Termux, app inayoipa simu ile skrini nyeusi ya komandi, nikaandika mstari mmoja unaosikiliza kwenye K kubwa na kila kinachoingia unakirusha kwenye k ndogo:

mosquitto_sub -h 192.168.1.10 -t shamba/Koki1 | mosquitto_pub -h 192.168.1.10 -t shamba/koki1 -l

Kile kistari kilichosimama katikati ni bomba, kinachotoka kushoto kinaingia kulia, na hiyo -l inasema kila mstari unaoingia utume kama meseji yake. Simu nimeiacha imechomekwa kwenye chaji juu ya kabati la mwenyekiti, imefunikwa na kitambaa cha kufuma, mpaka leo inafanya kazi. Wajukuu wamekatazwa kuigusa.

Sasa nisijifanye mtaalamu sana, na mimi niliharibu, na nalisema kwa sababu kuna vijana wataenda kujaribu wafanye kosa langu. Kuna kitu kwenye hiyo komandi ya kutuma, mosquitto_pub, kinaitwa -r. Ukikiweka, broka haitupi meseji baada ya kuigawa, inaiweka mfukoni, moja tu ya mwisho kwa kila topiki, na kifaa chochote kikija kujiandikisha baadae kinapewa hiyo papo hapo. Ni kitu kizuri kwa mfano kwa kipimo cha tenki, simu ikiwaka tu unaona maji yalikuwa wapi bila kusubiri. Mi nikaona raha nikasema ngoja na koki niiwekee, nikatuma "fungua" na -r jioni nikijaribu, ikafunguka, nikatuma "funga" kwa haraka bila -r, ikafunga, nikaenda zangu nyumbani nikala makande nikalala.

Usiku umeme ukakatika. Boksi lina betri, halikuzima, kwaiyo mbu na mfuko wake vikabaki vilevile. Kibao cha koki ndo kilizima. Saa nane usiku umeme ukarudi, kibao kikawaka, kikamwendea dalali kama kawaida, kikauliza kuna mzigo wangu hapa, na dalali akatoa mfukoni ile "fungua" yangu ya jioni, maana "funga" yangu haikuwa na -r haikuingia mfukoni, haikuifuta ile ya kwanza. Maji yalitoka toka saa nane mpaka alfajiri. Na sehemu moja mpira ulikuwa umechomoka, yote yakashukia kwa mzee jirani kwenye kitalu chake cha miche ya hoho. Nilipigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi, mama mdogo hakusalimia, aliniambia tu "mbu wako ameng'ata mzee, njoo." Nilimlipa mzee trei mbili za miche na nikamsaidia kupandikiza, alinisamehe ila kila nikipita ananiuliza leo umefunga?

Kuitoa mfukoni ni hivi, unatuma meseji tupu yenye -r:

mosquitto_pub -h 192.168.1.10 -t shamba/koki1 -r -n

Na amri ya kufungua kitu usiiwekee -r, iwekee hali ya kitu, yaani kitu kilivyo sasa. Afu kibao chenyewe kiwe na akili ya kujifunga baada ya dakika kadhaa hata kama hajaambiwa na mtu.

Nilivyorudi kwenye kibanda nikaanza kusoma kidogo historia yake. Hii njia ya kuongea wanaita MQTT, ilibuniwa 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper, kwa ajili ya kuangalia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, na setilaiti wakati huo ilikuwa ghali balaa, kwaiyo wakaifanya nyepesi kupita kiasi, kichwa cha meseji kinaweza kuwa baiti mbili tu, sawa na ukubwa wa herufi mbili. Baiti mbili! Picha moja ya asubuhi njema kwenye grupu la ukoo inakula baiti nyingi kuliko hilo tenki litakavyotuma wiki nzima, nimepiga hesabu, ile namba ya tenki inatumwa mara moja kila nusu saa. Mwanzoni niliandika hapo juu kwamba tulisubiri nusu dakika, tulibahatika tu, tulifika ikiwa karibu na zamu yake. Ndo mana nasema hii ni teknolojia iliyozaliwa kwa ajili ya watu wa mtandao mbovu na wasio na hela ya bando, sisi hasa, halafu tunauziwa ikiwa imefungwa kwenye boksi kama siri ya serikali.

Vijana wa mjini wanaofanya kazi maofisini watasema hizo ni mbu za shambani, sisi tunatumia RabbitMQ, tunatumia Kafka. Sawa, nazo ni madalali wa meseji, kila moja ina komandi yake, RabbitMQ ina rabbitmqadmin publish na Kafka ina kafka-console-producer unaandika mstari unagonga enta meseji imeenda. Tena ile ya RabbitMQ nimeipenda, nilijaribu kwa rafiki yangu anayefanya kazi hoteli moja, ukituma mahali ambapo hamna foleni iliyounganishwa inakujibu imetumwa ila HAIJAPELEKWA popote. Laiti mbu wetu angekuwa na ustaarabu huo tungejua kosa bila hata kuhangaika. Kwaiyo tabia zao hazifanani zote, ila somo ni lilelile, usiulaumu mtandao kabla hujatuma meseji moja kwa mkono wako na kuiona inafika au haifiki.

Mhariri naomba mlibebe hili. Mkiandika tena habari za kilimo cha simu, muulizeni muuzaji maswali matatu, anuani ya broka mnampa mteja, jina na nywila mnampa, orodha ya topiki ikiwa imeandikwa herufi kwa herufi mnampa. Kama jibu ni hapana basi hajauza mfumo, amekodisha, na bei yake ilitakiwa iwe ya kukodi. Mimi sisemi kila mama mkulima ajifunze komandi, mama mdogo mwenyewe hataki hata kuigusa ile laptopu anasema itamripua. Ila kila kijiji sasa kina kijana mmoja mwenye simu na muda, akipewa hicho kikaratasi ataokoa laki nane za watu. Sisi tulikipata kwa bahati, kilisahauliwa kwenye mfuniko.

Najua kuna atakayesema ukigawa nywila wezi watafungua maji. Kweli kabisa, kwaiyo kila kikundi kipewe ya kwake, na isiandikwe kwenye komandi yenyewe kwa -P maana inabaki kwenye historia ya mashine na anayechungulia orodha ya programu zinazoendelea anaiona, inawekwa kwenye faili la mipangilio la mosquitto_pub inasomwa humo. Sisi tumeshabadilisha ile ya kwenye kikaratasi. Ilikuwa 12345678, na nina wasiwasi wateja wao wote walipewa hiyo hiyo, ila sijajaribu na sitajaribu.

Wale kampuni waliambiwa. Mwenyekiti aliwapigia akawaelezea habari ya K kubwa, kijana aliyepokea akasema atawasiliana na watu wa ufundi. Huo ni mwezi wa pili sasa, app imeshajiapdeti tena mara moja, K bado kubwa.

La mwisho, hili ni la watu wenu wa kupanga kurasa, nawaomba sana sana. Kwenye hizo komandi kile kistari kabla ya herufi ni kifupi, kimoja, kile cha kawaida cha kwenye kibodi, na zile alama mbili zinazoizunguka shamba ni zile zilizonyooka. Najua kompyuta za magazetini zinapenda kurefusha vistari na kukunja hizo alama zionekane nzuri. Wakifanya hivyo msomaji atanakili atagonga enta itakataa, halafu atasema fundi wa Tengeru ni muongo. Na mistari mirefu msiikate katikati, kama haienei punguzeni ukubwa wa herufi, au toeni ile sehemu ya mimi kula makande.

Ni mimi,
Fundi simu, Tengeru, Arusha